Kaka, Mwende Ametoa Albamu Mpya, na Mutiso Hakuiba

Kaka yangu mpendwa Nzioka,

Posta imenishinda, ndiyo maana nakuandikia kwa gazeti. Barua tatu nimetuma Arusha kwa ile anwani uliyomwachia mwaitu, mama yetu, na zote tatu zimerudi zikiwa zimechoka kuliko mimi. Nikasema basi, mtu asiyepatikana kwake aitwe sokoni. Gazeti la Kenya najua hufika huko, hata kama linafika likiwa limefunga maandazi. Na wewe nakujua, hujawahi kula andazi kabla ya kumaliza kusoma karatasi yake.

Niko na habari mbili. Moja ni tamu na nyingine ni nzito. Nitaanza na ile tamu, kwa sababu nikianza na nyingine nitaogopa njiani nigeuke. Unamjua mdogo wako. Mimi ni shujaa mpaka ile saa ushujaa unahitajika.

Ile tamu ni hii: Mwende ametoa albamu mpya.

Ndiyo, Mwende wetu, yule mama wa Amerika. Hajafa, hajaacha kuimba, na hajatusahau, ingawa kusema kweli hajawahi kutujua.

Unakumbuka siku nilipoleta ile kanda? Nilikuwa nimerudi kutoka safari zangu za kuuza vinyago, na hapa kwetu Mumbuni yote hakukuwa na mtu ametembea dunia kama mimi. Kampala nilikuwa nimefika, Dar nimefika, Lusaka nimefika mara mbili, ingawa mara ya pili nilipanda basi la makosa. Nikaingia kwa kibanda chetu, wewe na rafiki yako Mutiso mmekaa juu ya magogo yenu, vumbi la mti wa muhugu limewafanya weupe kama watu wa kusaga unga pale posho mill, nikatoa ile kanda mfukoni polepole kama mganga. Haikuwa na kava wala jina. Mtu aliyenirekodia Nairobi alikuwa ameandika juu yake neno moja tu kwa kalamu, "soul", na hilo nalo lilikuwa limeanza kufutika.

"Ni nani huyo?" Mutiso akauliza.

"Rafiki yangu. Tulionana Lusaka."

"Mlionana wapi huko Lusaka?"

"Kwa hoteli. Aliniuliza habari ya Machakos."

"Na ukamjibu kwa Kizungu gani, hicho cha darasa la sita?"

Ulicheka mpaka tezo ikakuponyoka mkononi. Kisha redio yetu ya betri ya gari ikakohoa, yule mama akaanza kuimba, na kicheko chako kikakatika hapo hapo. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na tembo uliyekuwa unamchonga alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja.

Mwaitu alikuja na sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, akasimama mlangoni, akasikiliza bila kuelewa hata neno moja, yaani kama sisi tu. Akasema, "Huyu mtoto analilia kwao. Anaitwa nani?" Tukamwambia hatujui. Akatuangalia kama watu wasio na adabu. "Mtoto hakai bila jina. Aitwe Mwende." Basi, ikawa hivyo. Mwende, yaani Mpendwa. Mwanamke wa Amerika akapewa jina la Kikamba mbele ya sufuria, na mpaka leo hana habari.

Tangu siku hiyo hatukufanya kazi kwa saa tena. Tulifanya kwa Mwende. Kijiko cha saladi kilikuwa wimbo mmoja. Twiga mdogo nyimbo tatu, na shingo yake tulikuwa tunaivuta pale anapovuta pumzi. Kifaru alikuwa upande mzima wa kanda. Mteja akija kuuliza, "Kifaru wangu atakuwa tayari lini?" Mutiso alikuwa anamjibu bila kuinua macho, "Tukigeuza." Watu wa Mumbuni walidhani tumerogwa na Mzungu. Nikawaambia si Mzungu, ni mtu mweusi kama wewe, na ni rafiki yangu.

Lakini ile kanda ilikuwa na ugonjwa wake. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili haukuwa na mwisho. Yule wa Nairobi alikuwa ameweka nyimbo nyingi kuliko utepe, kwa hivyo Mwende alikuwa anapanda, anapanda, anafika mahali unasikia kabisa kwamba sasa anataka kusema ile kitu imemleta, halafu tak! Redio inajizima. Kila siku, mara tatu kwa siku. Na kila mara wewe ulikuwa unainua kichwa, kana kwamba leo atapita.

Ndipo ukaanza kuchonga kile kichwa.

Si unajua sisi watu wa vinyago hatuchongi kitu kimoja? Tunachonga askari mia na mikuki yao, wote wamefanana kama watoto wa tumbo moja. Mtu akikaa na kipande kimoja zaidi ya siku mbili, watu wanaanza kuuliza kama ni mgonjwa. Lakini wewe ulichukua gogo la muhugu zuri kuliko yote, lile jekundu, ukasema unachonga uso wa Mwende. Mimi nikaja mbio kukusaidia, maana si ni mimi nilimwona Lusaka? Nikaanza kukueleza mashavu yake, pua yake, na hereni alizovaa. Ukaniambia bila kunitazama, "Wambua, nyamaza. Nataka kusikia uso wake."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu anasema hivyo, na mimi nimesikia watu wengi wakisema.

Ulikaa nacho miezi. Likatoka paji la uso, pana, kama la mtu anayeangalia mawingu ya mwezi wa kumi. Macho ukayafunga. Masikio ukayafanya madogo, ukasema mtu anayeimba hivyo hasikilizi sana ya watu. Ilipofika kwa mdomo ukasimama. Hapo chini ya pua paliachwa mti mtupu, wiki na wiki. Mutiso, ambaye alikuwa na subira kuliko sisi wote wawili, akauliza, "Na mdomo je?"

"Bado," ukasema. "Sijasikia anavyomaliza."

Sasa wacha nikuambie ya juzi. Nilikuwa kwa Mzee Abdalla, kinyozi wa karibu na msikiti, yule ambaye Kiswahili chake kimetoka pwani na hakijawahi kupotea njia. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imeisha. Alikuwa ameweka CD ambayo binti yake ametuma kutoka Uingereza. Nikasikia kinanda cha kanisani, halafu makofi mawili matatu, halafu mtu anavuta pumzi. Kaka, sikungoja aimbe. Hiyo pumzi naijua. Nimechonga shingo za twiga wangapi kwa hiyo pumzi? Nikaruka kutoka kitini na shuka shingoni.

"Keti, bwana Wambua," Abdalla akasema. "Wembe hauchezi ngoma."

"Huyo ni Mwende!"

"Huyo si Mwende. Jina lake limeandikwa hapa."

"Mzee, huyo mimi namjua kabla wewe hujanunua hicho kiti."

"Na yeye anakujua?"

"Ananijua nusu."

"Basi keti nikumalizie nusu ya pili."

Akanipa kava nimwangalie. Kaka, hafanani na kichwa chako hata kidogo. Ni mwembamba, anavaa miwani mikubwa, na meno ya mbele yana mwanya mzuri kama wa dada zetu. Jina lake halisi nimelisoma. Ni jina zuri, lakini kwangu ni kama lile jina letu la kwa chifu, la kuandika kwa fomu. Nyumbani ni Mwende.

Abdalla akanisomea yale maandishi ya ndani, maana ni madogo, na mimi macho yangu hayapendi herufi ndogo. Mwende ameandika mwenyewe kwamba koo lake liliugua, likapasuliwa, na madaktari wakamwambia ashukuru akiweza kuongea tu. Miaka mingi hakuimba. Kumbe ile miaka tulimtafuta kwa maduka, kanda mkononi, tukaambiwa hayuko, alikuwa ameketi mahali, amefunga kitambaa shingoni, anajifunza kusema "habari ya asubuhi" upya.

Mimi ni mtu nimesikiliza muziki kwa nchi nne, kwa hivyo nikisema sikiliza. Hii ndiyo kazi yake bora. Kwa ile kanda yetu alikuwa msichana mwenye sauti nyingi mpaka hajui aiweke wapi, anamwaga hapa, anamwaga pale. Sasa imebaki kidogo, na anaitumia vile mwaitu anatumia maji mwezi wa tisa. Hakuna tone linaanguka bure. Kuna wimbo wa tatu, ni yeye na gita moja tu zito, anaongea zaidi ya kuimba, na nakuambia hata yule anayengoja kunyolewa aliacha kupekua gazeti. Kuna mwingine ambao ni wa kunguruma tu, hauna maneno hata moja, na huo ndio nilielewa wote.

Lakini wa nne! Anaanza juu kabisa, pale alipokuwa anakaa zamani. Sauti inakataa. Inapasuka katikati, waziwazi, kama mti mkavu. Mtu mwingine angesema zimeni mashine, tuanze tena. Yeye hakufuta. Unamsikia anacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya kanisa, halafu anaendelea kutoka pale pale chini alipoangukia. Nilimwambia Abdalla arudishe. Akarudisha mara tano, na wateja wawili wakaenda kunyolewa kwingine.

Na wa mwisho, kaka, ni ule wetu. Ule usio na mwisho. Ameuimba tena, polepole, kwa hii sauti yake ya sasa. Alipokaribia pale pa tak nilijikuta nimeinua kichwa vile ulivyokuwa unainua wewe, nimeshika kiti kwa mikono miwili. Akafika. Akapita. Amemaliza. Sikuambii anavyomaliza. Ndiyo mara ya kwanza maishani nanyamazia kitu kizuri.

Nilitoka kwa Abdalla nikaenda moja kwa moja nyumbani, nikaingia chini ya ghala ya mwaitu, nikavuta gunia la katani ambalo halijaguswa tangu ulipoondoka. Sasa tumefika kwa ile habari nzito.

Ndani ya gunia kuna kichwa cha Mwende.

Unakumbuka ulipoenda Kangundo kumzika shangazi, ukakaa siku tatu? Siku ya pili walikuja wageni wawili kwa kibanda, bwana na bibi, watu wazuri. Mutiso alikuwa ameenda kununua msasa. Wakasimama mbele ya kile kichwa wakasahau hata kuuliza bei ya twiga. Yule bibi akaniuliza ni nani amechonga. Nikasema ni mimi. Hapo ungenipiga kofi tungemaliza maneno, lakini ulikuwa Kangundo. Akauliza mbona hana mdomo. Nikamjibu, "Kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe uje uone." Nikachukua patasi yako, ile ndogo ambayo hukuwa unamwazima mtu, nikapiga mara moja, nikapiga mara mbili. Mti ulikuwa umekauka miezi yote hiyo ukikungoja. Ulipasuka kutoka mdomoni mpaka chini ya jicho.

Yule bibi alisema "oh". Hilo tu. Wakanunua vijiko vinne wakaenda.

Nilikiweka kwa gunia. Nilijiambia ukirudi nitakueleza. Ulirudi na matope ya kaburi kwa viatu, ukaangalia pale pa kichwa, ukaniangalia mimi. "Kiko wapi?" Na mimi, ambaye sijawahi kukosa maneno, nikapata maneno mabaya kuliko yote. Nikasema, "Sijui. Jana Mutiso alikuwa hapa peke yake."

Sikusema ameiba. Hilo nimejiambia miaka yote hii, kwamba sikusema ameiba. Lakini nilijua ninachosema, na nilijua nasema kwa nani. Wewe kwa kile kichwa hukuwa na akili ya pili.

Nilikufuata nyuma ulipokwenda kumtafuta Mutiso. Alikuwa amesimama mbele ya duka la unga, saa nne asubuhi, watu wamejaa. Ulimwita mwizi. Mutiso, ambaye mlitahiriwa naye siku moja, ambaye alikuchongea mpini wa tezo yako ya kwanza. Alikuangalia tu, akasema, "Nzioka, mimi?" Ukasema tena, kwa sauti zaidi. Na mimi nilikuwa nyuma yako hatua mbili, nikihesabu magunia ya unga. Kulikuwa na nafasi kubwa ya mtu kusema neno moja. Nafasi hiyo bado naiona.

Mutiso alirudi kwao Mitaboni na hakushika tezo tena. Wewe ukasema huwezi kuchonga mahali watu wanachukua uso wa mtu, ukapanda basi la Arusha. Mwaitu akapoteza watoto wawili siku moja, maana Mutiso naye alikuwa anakula kwake. Na mimi nikabaki na kibanda kizima peke yangu, nikiwaambia wateja eti nyinyi mmeenda kutafuta maisha.

Nilipokitoa kwa gunia juzi nilikiweka magotini nikakiangalia mpaka jua likahama. Usidhani nataka kusema eti niliharibu vizuri. Niliharibu. Lakini nilikuwa nimetoka kumsikia mtu aliyepasuliwa koo akisimama mbele ya dunia nzima na ufa wake bila kuuficha, na mimi mwenye koo zima, koo ambalo halijawahi kupumzika hata siku moja, nimelitumia miaka yote kwa kila kitu isipokuwa hiki. Niliona haya. Mimi! Uliza mtu yeyote Machakos kama amewahi kuniona na haya.

Kesho yake nilienda Mitaboni. Nilimkuta Mutiso shambani anapalilia maharagwe. Nywele zimekuwa nyeupe kwa pande. Sikumsalimia vizuri hata, niliogopa nikianza kusalimia nitamaliza siku kwa salamu. Nikamwambia yote, kutoka kwa patasi mpaka kwa magunia ya unga. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi shika ile jembe. Huu mstari haujaisha."

Nikalima. Kaka, nililima mpaka mgongo ukasahau jina langu. Baadaye mke wake akaleta uji, tukaketi kwa ukingo wa shamba, akachukua mkono wangu akaufungua, akaangalia malengelenge.

"Mikono laini kama ya karani," akasema. "Na ndiyo hii ulitaka kumwekea Mwende mdomo."

Nikacheka, halafu nikalia. Sijui ilikuwa aje. Akaningoja.

"Nzioka anajua?"

"Bado. Barua zinarudi."

"Basi mimi bado ni mwizi," akasema, akamwaga uji uliobaki kwa udongo. Hakuwa na hasira. Alisema vile mtu anasema mvua bado.

Nikamwambia nitaomba msamaha kwa niaba yako. Akakataa. Akasema anayeomba kwa niaba hajui uzito. Mimi amenisikia, na yangu tutaendelea nayo kwa jembe, mistari ni mingi. Lakini lile neno mwizi halikutoka kwa kinywa changu. Lilitoka kwa chako, mbele ya watu, na hawezi kufa likiwa limesimama pale.

Kwa hivyo nimeandika hapa, kwa gazeti, ili wale wote walionunua unga siku ile wasome: Mutiso hakuiba. Hajawahi kuiba. Kichwa kilivunjwa na Wambua, kikafichwa na Wambua, na ndugu yake akadanganywa na Wambua. Wakati huu nimejitaja mara tatu na si kwa kujisifu.

Lakini gazeti si wewe. Njoo, kaka. Njoo siku yoyote, nitumie habari kwa basi lolote, mimi nitamtoa Mutiso Mitaboni hata kama ni kwa kumbeba mgongoni. Mwaitu masikio yamepungua, lakini akisikia gari linasimama bado anatoka nje kuangalia ni nani. Nimeazima CD ya Abdalla na sijairudisha, nimemwambia iko na kazi.

Na kama bado uko na hasira, usiiache Arusha. Njoo nayo. Tutasimama mbele ya lile duka la unga saa nne asubuhi, wewe, Mutiso na mimi. Kwanza mwondolee Mutiso lile neno, kwa sauti ile ile uliyomwekea nayo. Halafu geuka hatua mbili nyuma yako uniite mimi. Niite mwizi mbele ya Mumbuni yote. Sitahesabu magunia. Nitaitika.

Ni mimi, mdogo wako,
Wambua